Nyumba Moja, Milango Miwili: Jibu kwa Msomaji wa Devon

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Pangani, na huu ni mwaka wa sita ninaishi katika kijiji kimoja cha Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Nimepanga upande mmoja wa nyumba ndefu ya zamani yenye kuta za udongo na paa la nyasi. Upande wa pili wanakaa mzee mmoja na mkewe. Wanasema zamani ilikuwa nyumba moja ya shamba, ikagawanywa na ndugu wawili waliogombea urithi mpaka wakasimamisha ukuta katikati usiku mmoja. Sasa mwenye nyumba anataka kuniuzia upande wangu. Mkaguzi ameandika kwamba chumba changu kimoja cha juu kimekaa juu ya mlango wa jirani, nijihadhari. Kwangu, kwenye ukuta wa upande wa jirani, kuna meko ambayo mtu anaingia na kusimama, na ndani yake kuna tanuri ya mkate. Kwa jirani kuna kimeko kidogo tu cha matofali. Kando ya meko yangu kuna mahali ukigonga, ukuta unalia kama debe tupu. Je, hadithi ya ndugu wawili ni kweli? Nyumba iligawanywa lini na kwa nini? Na je, ninunue?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hao ndugu wawili, maana nawafahamu. Nimekutana nao Dorset, nimekutana nao Somerset, na huko kwenu Devon nimewakuta zaidi ya mara moja. Kila mara wamegombana, na kila mara ukuta umejengwa usiku. Watu wakiona kitu kimoja kimekatwa vipande viwili, akili inakimbilia ugomvi. Hata sisi tungewaza hivyo: ukikuta Pangani nyumba ya marehemu imepigwa ukuta ukumbini, unajua mirathi imewashinda. Ila katika vijiji vya Uingereza, kwa karne nyingi, aliyelala ndani ya nyumba ya shamba mara nyingi hakuwa na mamlaka ya kuikata. Nyumba ilikuwa ya kabaila, na shamba lilikuwa la kabaila. Ninavyoona mimi, nyumba yako haikugawanywa na damu, iligawanywa na ardhi. Shamba liliondoka, nyumba ikabaki. Na nyumba ya shamba isiyo na shamba ni kama jahazi lililopandishwa mchangani: kubwa vile vile, lakini halina safari, na wenye shida wanaanza kulitafutia kazi nyingine.

Hilo nitalirudia. Kwanza tuisome nyumba yenyewe, kwa sababu umenipa ushahidi mwingi kuliko unavyodhani.

Nyumba nyingi za mashamba za Devon zilijengwa kwa ramani moja: vyumba vitatu kwa mstari, na njia inayokata nyumba kwa upana, kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa nyuma. Upande mmoja wa njia hiyo kulikuwa na chumba kikuu, ambamo watu walipika, walikula na kukaa, na nyuma yake chumba cha ndani. Upande wa pili, ambao kwa kawaida uko chini kidogo ya mteremko, kulikuwa na chumba cha kazi: maziwa, mapipa ya pombe ya matofaa, nafaka. Katika nyumba kongwe zaidi, hasa za Dartmoor, nyanda za juu za Devon, upande huo wa chini ulikuwa zizi, na ng'ombe waliingia kwa mlango ule ule wa watu. Ndiyo maana uliwekwa chini: mkojo ushuke, usipande.

Mwanzoni hapakuwa na dohani. Moto uliwashwa katikati ya sakafu ya chumba kikuu, na juu ya kichwa hapakuwa na dari. Moshi ulipanda mpaka kwenye nyasi ukajitafutia njia. Dohani za mawe zilianza kuingizwa kwa wingi katika karne ya 16, kisha chumba kikuu kikawekewa boriti na sakafu ya juu, na hapo ndipo vyumba vyako vya kulala vilipozaliwa. Mahali walipopenda sana kujenga dohani ni ubavuni mwa ile njia, mgongo wa meko ukiipa njia mgongo.

Sasa angalia ulichoniandikia. Meko kubwa iko kwako, kwa hiyo wewe unakaa katika chumba kikuu. Mgongo wa meko hiyo unamwelekea jirani. Kando yake ukuta unalia kama debe. Mwanangu, hapo palikuwa na mlango. Ndio uliokuwa mlango wa kutoka njiani kuingia chumba kikuu, na siku nyumba ilipogawanywa uliwekewa fito na kupigwa lipu, kazi ya fundi mmoja kwa siku mbili. Ukuta wote wa katikati haukujengwa na mtu yeyote usiku, kwa sababu tayari ulikuwepo: ni dohani yenyewe. Kilichohitajika ni kuziba tundu moja.

Na ile njia yote ikabaki kwa jirani. Mlango anaoingilia yeye ndio mlango halisi wa nyumba, uliotumika miaka yote tangu ijengwe. Wa kwako ni wa juzi. Simama nje, utazame boriti iliyolazwa juu ya mlango wako. Ikiwa imezidi upana wa mlango kwa kiasi kikubwa kila upande, basi palikuwa na dirisha la chumba kikuu, wakalikata mpaka chini likawa mlango. Gusa na kingo za ukuta hapo ndani: pale ambapo udongo ulikatwa kwa jembe baada ya kukauka, kingo huwa zimenyooka na kuchongeka, wakati za zamani zimejaa na kuviringika kama bega.

Hata hicho chumba cha juu kinachomtia mkaguzi hofu kinaeleweka sasa. Chini, mpaka ulipita kwenye dohani. Juu, vyumba vilikuwa tayari vimepangwa kwa mtindo mwingine, na chumba kilicho juu ya njia kilikuwa kinafunguka upande wako. Aliyegawa hakuona sababu ya kuhamisha kiambaza cha juu ili kimfuate cha chini. Wote wawili walikuwa wapangaji wake. Sakafu ya huyu kuwa dari ya yule, kwake ilikuwa sawa tu.

Tanuri yako nayo ichunguze. Ingiza tochi. Ikiwa ni ya udongo wa kufinyangwa, kipande kimoja kama chungu kikubwa kilicholazwa, chenye mlango wake wa udongo na kishikio, basi imetoka kaskazini mwa Devon, kwa wafinyanzi wa Bideford, Barnstaple na vijiji vya jirani. Walichanganya udongo na kokoto ndogo ili usipasuke kwa moto. Tanuri hizo zilipakiwa melini hadi makoloni ya Amerika. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta moja Jamestown, Virginia. Mpishi alichoma kuni ndani yake mpaka kuta zikapata moto mkali, akafagia majivu, akaingiza mikate, akafunga mlango na kuukandika matope pembeni. Jirani yako hakupata tanuri kwa sababu chumba cha kazi hakikuwa na dohani. Hicho kimeko chake cha matofali kilichomekwa kwenye ukuta wa mwisho siku ile upande wake ulipoanza kuitwa nyumba. Ukijua umri wa matofali yale, umekaribia kujua umri wa mgawanyo.

Paa ni jambo jingine, na hapa itabidi uyasahau makuti. Kwetu makuti yakichakaa unayashusha yote, unaezeka upya, ile takataka inakwenda jikoni au shambani. Devon hawafanyi hivyo. Mwezekaji huondoa tabaka la juu lililooza, kisha anashonea jipya juu ya la zamani kwa vijiti vya mti wa heizeli vilivyopindwa kama pini ya nywele. Mabua ya ngano yaliyochanwa, vitako vyake vikitazama nje, hukaa miaka 25 hadi 40 kutegemea mvua, mteremko na mkono wa fundi. Mgongo wa paa hurudiwa mapema zaidi. Baada ya karne tano una mkate wa tabaka, la juu la mwaka huu na la chini kabisa la zama za kati.

Niliwahi kuingizwa kwenye dari moja huko kwenu kwa tundu lisilozidi upana wa mabega. Nililala kifudifudi juu ya boriti, tochi mdomoni. Nyasi za juu yangu zilikuwa nyeusi, lakini si nyeusi ya kuoza. Nyeusi ya kung'aa, kama sufuria ya ubwabwa wa shughuli. Nikanyofoa bua moja lililokuwa limening'inia. Lilikuwa kavu, jepesi, refu kupita bua lolote la ngano ya siku hizi, na ndani ya tita lilimotoka bado kulikuwa na masuke na magugu ya shamba yaliyovunwa nalo. Moshi wa yale mapishi ya sakafuni, kabla ya dohani, ndio ulioyakausha na kuyahifadhi. Devon imejaliwa mapaa ya namna hiyo kuliko sehemu nyingine yoyote ya Uingereza, na wataalamu wa mimea huyasoma kama daftari la kilimo cha zamani.

Kwa hiyo mwombe mtu mwenye uzoefu apande kwa ngazi achungulie darini kwako. Wewe usitembee huko juu. Aangalie mambo mawili. La kwanza, kama miti na nyasi zina masizi, na kama masizi hayo yanaendelea moja kwa moja mpaka juu ya kwa jirani. Yakiendelea, basi nyumba ilikuwa moja tangu enzi za moto wa sakafuni, wala hakuna haja ya kubishana. La pili, kama kuna ukuta wowote darini kati yenu. Naweka dau hakuna, na hilo nitalirudia tukifika kwenye fedha.

Umeniambia upande wako paa liko chini ya la jirani kama kiganja? Hukuandika, lakini nenda kaangalie. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Wenye nyumba wawili huezeka kwa nyakati tofauti, mmoja ana tabaka moja zaidi, na pale wanapokutana kunatokea kidaraja unachoweza kukiona ukiwa barabarani. Mpaka wa milki umechorwa kwa nyasi.

Sasa turudi kwenye ardhi.

Magharibi mwa Uingereza mashamba mengi yalipangishwa kwa mkataba wa maisha ya watu watatu. Mpangaji alilipa fedha nyingi mkupuo mmoja, akataja majina matatu, pengine lake, la mkewe na la mtoto wao mdogo mwenye afya, na mkataba ukaishi hadi wa mwisho kati yao afe, au miaka 99 ikifika kwanza. Kodi ya mwaka ilikuwa ndogo sana. Mtu akifa, kabaila alichukua mnyama aliye bora zizini au fedha badala yake. Ukitaka kuongeza jina pale moja lilipofutika, ulilipa tena. Ni bahati nasibu ya vifo, na familia nyingi zilikaa humo vizazi na vizazi zikiona shamba ni lao.

Lakini kuanzia karne ya 18 makabaila walianza kuichoka bahati nasibu hiyo. Waliona shamba moja la ekari 150 linalokodishwa kwa miaka michache kwa bei ya soko linawalipa kuliko mashamba matatu ya ekari 50 yaliyofungwa kwenye uhai wa bibi kizee fulani. Basi wakawa wanasubiri. Jina la tatu likizikwa, mkataba haukurudishwa. Mashamba yakaunganishwa na ya jirani, na nyumba ya shamba lililomezwa ikabaki tupu, na kuta zake nzima na dohani yake.

Wakati huo huo watu walikuwa wanaongezeka kwa kasi isiyowahi kuonekana. Sensa ya 1801 ilihesabu Uingereza na Wales watu wapatao milioni 8.9, ya 1851 ilikuta karibu milioni 17.9. Ndani ya nusu karne, maradufu. Na hata namna ya kuajiri ilibadilika. Zamani vijana wa kazi walilala kwa mwenye shamba na kula meza yake, kama anavyokaa kijana wa kazi kwenye nyumba nyingi za kwetu. Taratibu wakulima wakubwa wakaacha desturi hiyo, wakataka kibarua wa kulipwa kwa siku, mwenye mke na kwake. Kwake wapi? Kujenga nyumba mpya ni gharama, na matofali yalitozwa kodi tangu 1784 hadi 1850. Kuziba mlango mmoja, kukata dirisha moja liwe mlango na kusimamisha kimeko kwenye ukuta wa mwisho ni kazi ya wiki mbili. Nyumba iliyokaliwa na mkulima mmoja na watumishi wake ikapokea familia mbili za vibarua, wakati mwingine tatu.

Usidhani walikuwa na raha humo. Kasisi Edward Girdlestone, aliyehamia Halberton huko huko Devon mwanzoni mwa miaka ya 1860, alikuta vibarua wakilipwa shilingi 7 au 8 kwa wiki, sehemu ya ujira ikiwa pombe ya matofaa. Aliposema wazi wazi, wakulima walimchukia. Akaamua kuzisaidia familia kuhama, moja baada ya nyingine, kwenda wilaya za kaskazini zenye mishahara mizuri. Katika chumba chako chenye meko ya kusimama mtu, pengine walilala watoto sita juu na moto wa kuni mbili tatu chini, kwa sababu meko kubwa inakula kuni za matajiri. Ndiyo maana mara nyingi tunakuta meko kama yako iliwahi kuzibwa kwa matofali, tundu dogo likaachwa katikati. Tazama kama kwako kuna makovu ya hayo matofali pembeni.

Wapo watakaokuambia yote yalitokana na sheria za kuzungushia ua mashamba ya wazi. Kwa katikati ya Uingereza ni hoja nzito. Kwenu hapana, kwa sababu sehemu kubwa ya Devon ilikuwa imeshazungushiwa ua zamani sana, na hizo kuta za udongo zenye miti juu, unazokwaruzia gari lako kila asubuhi, ni kongwe kuliko sheria hizo.

Na usione haya kwamba unakaa nusu nyumba. Nyumba maarufu kuliko zote za nyasi katika nchi hiyo ilipitia njia hiyo hiyo. Iko Shottery, nje kidogo ya Stratford-upon-Avon, na alizaliwa humo Anne Hathaway, mke wa Shakespeare. Leo wanaiita kibanda, jina la kuvutia watalii. Kwa kweli ni nyumba ya shamba ya vyumba 12. Pete za miti ya sehemu yake kongwe zinaonyesha ilikatwa msituni miaka ya 1460. Baba yake Anne, Richard, alikuwa mkulima mpangaji. Alipofariki 1581 alimwachia binti huyo pauni 6, shilingi 13 na peni 4, za kulipwa siku ya ndoa yake. Kaka yake Anne, Bartholomew, ndiye aliyeinunua iwe yao kabisa mwaka 1610, na sehemu ile ndefu zaidi iliongezwa karne hiyo. Kisha ukoo ukadhoofika, ardhi ikapungua, na katika karne ya 19 nyumba ilikuwa imegawanywa na kukaliwa na kaya zaidi ya moja, mzao wa familia akiwa kwenye sehemu tu ya ile iliyokuwa nyumba ya wazee wake. Wadhamini wa mali za Shakespeare waliinunua 1892 kwa pauni 3,000. Isingekuwa jina la mkwe, pengine leo ingekuwa na milango yake miwili na visanduku viwili vya barua.

Hata hivyo ndugu zako wawili nisiwafunge jela kabla ya kuwasikiliza. Wosia za wakulima wa Uingereza zilikuwa na desturi ya kugawa nyumba chumba kwa chumba: mjane apewe chumba kilicho juu ya chumba kikuu, pamoja na haki ya kupita ukumbini, kuoka kwenye tanuri na kuchota maji kisimani, mtoto mkubwa apate vilivyobaki. Pengine palikuwa na kitu cha namna hiyo, kikasimuliwa na kusimuliwa mpaka mama na mtoto wakawa ndugu wawili. Tatizo ni kwamba kwa Devon wosia ni pengo chungu: ofisi ya mirathi ya Exeter iliteketea katika shambulio la mabomu la Mei 1942, na karatasi za karne nyingi zikaungua kwa usiku mmoja. Zimebaki nakala zilizokuwa zimeandikwa mahali pengine, na wosia zilizothibitishwa kwenye mahakama ya askofu mkuu wa Canterbury.

Kwa hiyo tarehe yako tutaitafuta kwingine. Mwaka 1836 bunge lilipitisha sheria ya kugeuza fungu la kumi la kanisa liwe malipo ya fedha, na ili kila mtu ajue wajibu wake, karibu kila parokia ya Devon ilichorewa ramani kubwa. Kila shamba na kila nyumba ilipewa namba, na kwenye daftari lake imeandikwa mwenye mali, anayekaa, na ni kitu gani. Hiyo ndiyo karatasi ya kwanza ninayomwambia kila mtu aitafute. Ukikuta namba yako imeandikwa nyumba ya shamba na uwanja wake, mkaaji mmoja, basi ilikuwa bado nzima kwenye miaka ya 1840. Ukikuta nyumba na bustani, wakaaji wawili, au jina moja na maneno "na mwenzake", basi ilishakatwa.

Ukitaka kurudi nyuma zaidi kuna orodha za kodi ya ardhi, za mwaka hadi mwaka kati ya 1780 na 1832, zenye mwenye mali na mkaaji. Soma jina la shamba lako mwaka baada ya mwaka. Mahali mkaaji anapobadilika akawa yule yule wa shamba la jirani, umemwona aliyelimeza. Ukitaka kuja mbele, kuna sensa. Ya 6 Juni 1841 ndiyo ya kwanza inayotaja kila mtu kwa jina. Umri wa watu wazima wameupunguza hadi kwenye tano ya chini yake, basi usishangae kila mtu ana miaka 30, 35 na 40. Ya 1851 inaongeza mahali pa kuzaliwa na uhusiano. Ukikuta vibarua wawili wa shamba, kila mmoja na kaya yake, chini ya jina moja la nyumba, umemaliza kazi. Ramani za serikali za inchi 25 kwa maili, za mwishoni mwa karne ya 19, ni kubwa kiasi kwamba zinachora mstari ndani ya jengo pale makazi mawili yanapoachana.

Muulize pia mwenye nyumba kama ana hati za zamani. Baada ya sheria ya mali ya 1925 mawakili hawakulazimika tena kuzitunza hati za karne nyingi, na nyingi zikatupwa, zikauzwa, hata kugeuzwa vivuli vya taa. Lakini zipo zilizosalia kwenye visanduku vya bati.

Kisha ulinganishe karatasi na ukuta. Pale panapolia kama debe, kama kuna ufa au tundu la umeme, tazama fito za ndani. Zikiwa zimepasuliwa kwa mkono, zimepindapinda, na misumari ya kufuliwa yenye kichwa kisicho sawa, kazi hiyo ni ya zamani. Zikiwa zimepasuliwa kwa msumeno, za unene mmoja, na misumari ya waya ya duara, umeingia mwisho wa karne ya 19 au baadaye. Nikikisia kwa uliyonieleza, nategemea mgawanyo wako uwe wa kati ya 1790 na 1850. Sitalia nikikosea.

Sasa fedha. Ndiyo, ukipenda nunua, ila kwa macho mawili. Chumba kinachokaa juu ya mali ya mwingine kinawatia benki mashaka, na si bure. Kwa sheria ya Uingereza, ahadi ya kufanya jambo, mathalani kutunza ukuta au paa, haimfungi moja kwa moja anayenunua baadaye kwa mzee huyo. Leo mnaelewana kwa chai. Kesho mjukuu wake anauza kwa mtu usiyemjua, na boriti iliyobeba kitanda chako iko mikononi mwake. Wakili wako aangalie kama hati zina haki ya kuegemea, haki ya kuingia kutengeneza, na kama hazina, mwandikiane mkataba wa pande mbili sasa, huku mzee yupo na mna mapenzi. Bima ya kufidia pengo la hati ni rahisi, lakini bima haishikilii boriti.

La dari: ikiwa hakuna ukuta kati yenu huko juu, cheche ya dohani ya jirani ni cheche yako. Hata ile nyumba ya Shottery iliungua paa mwaka 1969. Zungumzeni kuhusu kizuizi cha moto, dohani zisafishwe, nyaya za umeme zikaguliwe. Kampuni ya bima itauliza yote hayo kwa paa la nyasi. Lakini kabla ya fundi kugusa chochote, angalieni kama nyumba iko kwenye orodha ya taifa ya majengo ya hifadhi. Nadhani ipo. Ikiwa ipo, hata kuufungua ule mlango uliozibwa bila kibali ni kosa la jinai, na tabaka lile jeusi la nyasi halishushwi kwa sababu mwezekaji ameona limezeeka.

Kuta za udongo zina masharti machache. Watu wa Devon husema ukuta wa udongo upewe kofia nzuri na viatu vizuri, yaani paa lisilovuja na msingi mkavu, utaishi. Adui yake ni saruji. Ukikuta aliyetangulia amepiga lipu ya saruji nje, maji yaliyoingia hayatoki, na udongo unarudi kuwa matope kimya kimya nyuma ya rangi nyeupe safi. Gonga kuta zote za nje chini, hadi urefu wa goti, na uandike panapolia. Hiyo ni hoja nzito zaidi ya kupunguza bei kuliko chumba cha juu.

Ramani ya fungu la kumi na orodha za kodi zipo Exeter, kwenye hifadhi ya nyaraka ya Devon. Ukipata siku ya mapumziko nenda na jina la parokia, uombe ramani pamoja na daftari lake, maana namba bila daftari ni namba tu. Niandikie walichoandika kwenye safu ya mkaaji. Na mpe salamu mzee wa jirani, lakini habari ya mlango kuwa wake ndio mkongwe, mwambie mwenyewe. Akishajua, ile hadithi ya ndugu wawili haitasikika tena mezani kwake.